Tafuta Jiwe Kwanza: Nilivyojifunza Kuitambua Violeti ya Usambara

Wageni wanaokuja Amani, kwenye milima ya Usambara, kutafuta violeti ya Afrika, ambayo ndiyo hiyo hiyo ya Usambara, hutembea wakisaka rangi. Kila chenye zambarau kando ya njia wanakisimamia: "Dada, hii ndiyo yenyewe?" Mara nyingi siyo. Nami huwaambia, kwa upole ili wasione nawakatisha tamaa mapema, kwamba ua tuliache kwanza, tutafute jiwe.

Mimi ni mwongoza wageni katika misitu ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza. Nimezaliwa huku huku, kwenye familia ya wakulima wa iliki, na mmea huu nimeuona tangu utotoni bila kujua kwamba una habari yoyote. Kwetu ulikuwa kimmea cha mawe tu. Mama hakuupika, baba hakuuuza, basi hatukuwa na shughuli nao. Nilikuja kushangaa ukubwani, nilipouona kwenye chungu cha plastiki juu ya meza ya mapokezi ya hoteli moja Dar es Salaam, mhudumu anaumwagilia maji kwa kijiko cha chai, tena kwa uangalifu wa mtu anayenywesha mtoto dawa. Nilimwambia huu ni mmea wa kwetu. Alinitazama akacheka, akasema umenunuliwa dukani.

Wote wawili tulikuwa sawa. Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani pale Tanga, aliukuta mmea huu na kuupeleka Ujerumani kwa baba yake. Mtaalamu wa mimea Hermann Wendland, aliyesimamia bustani za Herrenhausen kule Hannover, akauandika rasmi mwaka 1893 kwa jina la Saintpaulia ionantha. Wajerumani mpaka leo wanauita Usambaraveilchen. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wakulima wa maua wa California wakaanza kuzalisha aina zake na kuziuza kwa wingi, na kuanzia hapo ukaenea kwenye madirisha ya nyumba za watu duniani kote. Ule wa mapokezi ya hoteli una petali zilizojikunja kwa tabaka na rangi ambazo msituni sijawahi kuziona. Wa kwetu ni mdogo, wa samawati inayoelekea zambarau, na hauna haraka ya kuonekana.

Aliyenifundisha kuutambua ni mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi na watafiti wa mimea, akiwabebea magazeti ya kukaushia vielelezo na kuwapandia miti walipotaka matawi ya juu. Kisomo chake kilikuwa kifupi, lakini majina ya Kilatini aliyatamka kwa lafudhi ya Kisambaa, na hakuna mtafiti niliyemsikia akimsahihisha. Siku za mwanzo alinipeleka kwenye genge moja lenye kijito chini yake, akaniacha hapo, akaenda kukaa kwenye gogo. Aliporudi nilikuwa nimesimama tu.

"Umeona nini, mwanangu?"

"Sijaona ua lolote, babu."

"Nani kakuuliza ua? Nimekuuliza umeona nini."

Akaanza kunihoji. Maji yanapita wapi juu ya jiwe hili? Jua la saa nane linaingilia upande gani? Majani makavu yakidondoka kutoka mitini yanatua wapi, yanakaa au yanateleza? Nilijibu kwa kubahatisha. Alipomaliza maswali ndipo akasema, "Haya, sasa tazama pale." Violeti zilikuwa nyingi, usawa wa macho yangu kabisa, hazina ua hata moja.

Maswali yale matatu ndiyo kazi nzima, na nimechukua muda kuelewa kwa nini. Violeti hii ina mizizi myembamba isiyokwenda chini sana. Kwenye udongo wa kawaida wa msitu haiwezi kushindana na mimea mirefu, na majani yanayodondoka mwaka mzima yangeifunika. Kwenye jiwe lililosimama wima majani yanateleza, na mimea mikubwa haina pa kushika. Pale kwenye ufa wenye udongo wa kujaza kiganja, au juu ya kuvumwani, ule uoto laini wa kijani unaotambaa kwenye mawe mabichi, violeti inapata nafasi ambayo hakuna mwingine anayeitaka. Lakini maisha hayo yana masharti yake. Jiwe halihifadhi maji, kwa hiyo lazima kuwe na unyevu wa karibu: kijito, maporomoko, mchirizi unaotoka ndani ya mwamba, au ukungu wa kila asubuhi. Na lazima kuwe na kivuli. Ukiona mwamba mweupe uliokaushwa na jua, hata kama ni mzuri wa kupigia picha, pita.

Aina ya jiwe haina uzito kama nilivyodhani. Huku juu miamba yetu ni ya gnaisi, migumu na ya kale sana. Kule chini karibu na Tanga, violeti huota kwenye nyufa za mawe ya chokaa, karibu na usawa wa bahari. Upande wa Kenya pia ipo kwenye miamba ya chokaa ya Kilifi, na ndugu yake mwingine anaishi kilima cha Mbololo huko Taita. Ukishuka kusini kupitia milima ya Nguru hadi Uluguru utakuta ndugu wengine, baadhi juu ya mita 1,500. Mawe tofauti, miinuko tofauti, ila kivuli na unyevu ni vile vile.

Ukishalipata jiwe, shika jani. Nasema shika, usichume. Ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, huruhusiwi kuondoka na kitu bila kibali, na mmea huu una balaa lake la pekee: jani moja na kikonyo chake likichomekwa kwenye udongo mbichi linatoa mizizi na kuwa mmea kamili. Hiyo ndiyo sababu ulienea duniani kwa urahisi namna ile, na ndiyo sababu pia wapo wageni ambao mikono yao huwa naiangalia kuliko nyuso zao.

Jani la violeti ni nene kidogo, lina maji ndani, na limeota malaika, yaani vinyweleo laini. Majani yote hutokea kwenye kitovu kimoja na kujipanga duara, kila moja na kikonyo kirefu. Zipo pia zenye shina linalotambaa juu ya jiwe. Ile ambayo zamani iliitwa grotei, ya Usambara Mashariki, ina shina refu na majani ya mviringo yenye meno pembeni, na mtu aliyezoea picha za kwenye vyungu hupita akidhani ni kitu kingine. Geuza jani taratibu utazame chini yake. Mengine ni ya kijani kilichofifia, mengine yana wekundu unaoelekea zambarau. Kisha toa lenzi ya mkono, ile inayokuza mara 10, uisogeze jichoni kwanza na ndipo umsogelee mmea, si kinyume chake. Hapo utaona vinyweleo: vingine virefu vimesimama, vingine vifupi, na mara nyingi vya aina mbili vimechanganyika kwenye jani moja. Kwa miaka mingi wataalamu walitenganisha aina za violeti kwa vinyweleo hivi. Yule wa Nguru aliyepewa jina la nitida ana jani linalong'aa. Velutina wa Usambara Magharibi ana malaika laini na wekundu upande wa chini. Mara ya kwanza kuvitazama nilikaa hapo mpaka shingo ikaniuma, maana jani nililodhani ni la kijani tupu lilikuwa na kichaka chake.

Ua, likiwepo, linamaliza ubishi. Lina vipande vitano vilivyoungana chini, viwili vya juu vidogo na vitatu vya chini vikubwa, na mrija wake ni mfupi kiasi kwamba ua linaonekana bapa. Katikati kuna vifuko viwili vya chavua vya manjano kali. Pembeni yake kuna kijiti chembamba, kile kinachopokea chavua, na hakisimami katikati: kimepinda upande. Kwenye ua moja kimepinda kushoto, kwenye jingine kulia. Wageni wengi hawakioni mpaka waonyeshwe, na wakishakiona hawaangalii kingine.

Kuhusu vile vifuko vya manjano, viangalie nyuki anapokuja. Violeti hii haina asali ya kumpa. Kuna nyuki wa porini, wanene kidogo, wenye milia tumboni, wa jamii ya Amegilla. Hao wameonekana wakichavusha violeti katika milima ya Taita, na huku kwetu nimekaa nao mara kadhaa. Nyuki anafika kwa mvumo wa kawaida, analikumbatia ua, na ghafla sauti inapanda, inakuwa nyembamba na kali, kwa kitambo kifupi sana. Anatikisa mwili mzima. Chavua imefungiwa ndani na haitoki kwa kuguswa tu, inatoka kwa kutikiswa. Anayekuja na nguvu ya kutikisa anapata, asiyeweza anaondoka na manjano ya bure. Inaaminika kwamba ule upindo wa kushoto na kulia husaidia chavua iliyobaki ubavu mmoja wa nyuki ifike kwenye ua lililopindia upande mwingine. Sijui kama kuna njia nzuri zaidi ya kupoteza asubuhi kuliko kukaa mbele ya jiwe ukisikiliza nyuki akibadilisha sauti.

Wanaoichanganya violeti na mimea mingine wana sababu, kwa sababu majirani zake wapo na wanapenda mazingira yale yale. Anayewadanganya wengi ni Streptocarpus saxorum, naye ni wa mawe, naye ana zambarau nyepesi. Mtazame pembeni, usimtazame usoni: ua lake lina mrija mrefu mwembamba nyuma yake, na majani yake manene yako kwenye mashina, hayakai duara chini. Kisha kuna Impatiens, ambazo huku ziko kila mahali penye maji, pinki, nyekundu, zambarau. Hizo zina mkia mwembamba nyuma ya ua na mashina yenye maji yanayovunjika kirahisi. Bigonia za msituni hujitambulisha kwa jani: nusu moja kubwa kuliko nyingine. Simu zenye programu za kutambua mimea zinasaidia hadi hapo, basi. Ukiipa picha ya ua itakuambia violeti ya Afrika, lakini haitakuambia ni ya mlima gani, na mimi swali langu huanzia hapo.

Majina ya Kilatini yenyewe nimeyaona yakihama mara mbili. Mzee wangu alijifunza enzi za orodha ndefu: mtaalamu B. L. Burtt wa Edinburgh alizipa violeti za milima yetu majina mengi katika miaka ya 1950 na 1960, na spishi zikazidi 20. Mwaka 2006 kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki kikazikusanya upya, nyingi zikawa spishi ndogo ndani ya ionantha. Halafu uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kwamba ukoo wote umo ndani ya Streptocarpus, na mwaka 2015 Saintpaulia ikawekwa rasmi kama sehemu ya jenasi hiyo, yaani kundi hilo la spishi zenye undugu wa karibu. Sasa ile ya kwanza ni Streptocarpus ionanthus. Ajabu yake ni kwamba Streptocarpus nyingi zina tunda lililosokotwa kama kamba, ilhali tunda la violeti limenyooka, tena huchukua miezi kadhaa kukomaa. Mzee hakukubali. "Wanahamisha mtu kwenye nyumba yake," alisema, na aliendelea kutamka Saintpaulia mpaka alipoacha kupanda milima. Mimi nawaambia wageni majina yote mawili na kuendelea na safari. Kama umeandika umeiona mlima gani, mwinuko gani, jiwe la namna gani na vinyweleo vya namna gani, mtaalamu wa miaka 50 ijayo atajua ulichokiona hata kama majina yote yamebadilika. Ukiandika jina tupu, umempa kazi ya kukisia.

Ndiyo maana nina ugomvi wa kudumu na picha. Mgeni anatembea kutoka Sigi, kituo cha kuingilia hifadhi, anapanda, anatoka jasho, anafika kwenye mmea, anapiga ua peke yake likiwa limejaza kioo cha simu, nyuma ukungu mtupu. Picha nzuri hiyo, ila haielezi kitu. Ninachoomba ni apige ua kwa mbele na kwa ubavu, jani juu na chini, kikonyo, tunda kama lipo, aweke rula au hata sarafu pembeni, kisha arudi nyuma hatua kadhaa apige jiwe zima na kijito chake, na mwisho aelekeze kamera juu apige matawi. Hiyo ya mwisho wanaisahau wote. Mimi ndiyo naithamini kuliko zote, maana inaonyesha kivuli kilikuwaje siku ile, na ukirudi baada ya miaka unaweza kulinganisha.

Jambo moja tu huwa nawakatalia. Mahali penyewe, kwa maana ya alama za ramani zinazoongoza hadi kwenye jiwe, siwapi ruhusa ya kupaweka hadharani. Baadhi ya violeti hizi zinajulikana kwenye miamba michache tu, na mtu mmoja mwenye mfuko na kisu anaweza kumaliza jiwe kwa nusu saa. Andika Usambara Mashariki, andika mwinuko, inatosha. Anayehitaji zaidi kwa utafiti anajua ofisi za kupitia.

Lakini nisiwasingizie wenye visu. Nilichokiona kikimaliza violeti karibu na kwetu ni iliki, na hapo siwezi kumnyooshea mtu kidole kwa sababu ada yangu ya shule ilitoka kwenye iliki. Iliki inapenda kivuli. Mkulima hafyeki msitu wote. Anasafisha chini, anapunguza miti, anaacha minyasa na misambu mikubwa, na kwa mbali utadhani msitu upo. Kwa miaka ile ya mwanzo violeti nazo zinavumilia, maana jiwe halilimwi na hakuna mwenye haja nalo. Kisha udongo unachoka, mavuno yanashuka, na mkulima anawaza migomba au mahindi, ambayo yanataka jua. Anaangusha ile miti mikubwa. Jiwe halijaguswa na mtu. Kuvumwani kinaanza kugeuka kahawia, kangaga zinajikunja, majani ya violeti yanapata mabaka kama yameungua, na kiangazi kimoja kikali kinatosha. Nimelishuhudia hilo kwenye jiwe lililo mpakani mwa shamba letu na la jirani. Upande wa jirani hakuna kitu sasa, jiwe jeupe. Upande wetu, ambako mnyasa mmoja mkubwa bado umesimama juu ya kijito, ziko, na msimu wa masika zinachanua.

Mnyasa huo baba alipofariki uliangukia sehemu ya kaka yangu, naye ana fundi wa mbao anayemtembelea mara kwa mara kumsalimia. Nimemweleza kaka habari za violeti, akasikiliza kwa adabu. Nimemweleza kwamba wageni hulipa kuja kuziona, akauliza wanalipa kiasi gani, na jibu halikumsisimua. Mwisho nikaleta sheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Kaka akanyanyuka, akahesabu hatua kutoka kijitoni kuja upande wa nyumba, akarudi akahesabu upande wa pili, akaniambia mita 60 zikipimwa kweli, sisi tutabaki na jiko na choo.

Kwa sasa tumekubaliana mnyasa ubaki hadi iliki iliyo chini yake ichoke. Fundi wa mbao ameambiwa, na bado anakuja kusalimia.